Nasaba ya Kupe

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kutazama ndani ya masikio ya ng'ombe. Majirani zangu wa Ngamiani walijua kwamba nafanya kazi maabara ya mifugo, wakadhani navaa koti jeupe na kukaa kwenye kiti. Koti nilikuwa nalo, lakini siku nyingi lilining'inia nyuma ya mlango, na mimi nilikuwa juu ya baiskeli, kibanio mfukoni na vichupa kikapuni, nakwenda kwenye zizi la mtu kuchuma kupe kama mwingine anavyochuma bamia.

Niseme mapema kwamba kupe si mdudu mmoja. Hili ndilo jambo nililolieleza mara nyingi kuliko lolote jingine maishani mwangu. Yuko kupe mwenye rangirangi kama shanga. Yuko mwenye miguu myekundu. Yuko anayejaa damu akawa wa kijivu na mviringo kama kunde. Na yuko wa kahawia, mdogo, asiye na sura ya kukumbukwa, anayependa kukaa sikioni. Huyo wa sikioni ndiye anayebeba ndigana. Matezi ya ng'ombe huvimba, homa hupanda, mapafu hujaa maji, na mnyama hufa povu likimtoka puani. Wengine nao wana maovu yao, lakini hilo ni la huyu wa sikioni. Kwa hiyo mwenye ng'ombe akikuletea kupe katika kiberiti akakuuliza huyu ni nani, anakuuliza kama usiku ule atapata usingizi.

Kupe mzima unaweza kumtambua kwa darubini ukiwa na subira. Shida ni watoto. Kupe wa aina hii hula mara tatu tu: akiwa mchanga wa miguu sita, akiwa kijana wa miguu minane, na akiwa mtu mzima. Kila akishiba huanguka chini, hujificha nyasini, hubadilika, kisha hupanda jani na kumngoja mnyama mwingine. Wale wachanga hufanana, wa aina hii na wa aina ile, kama punje za ufuta. Na jike aliyeshiba huvimba hadi alama zake zikavurugika, kama maandishi kwenye puto. Unamtazama, naye kama anakutazama, na hakuna kati yenu anayejua lolote.

Nilianza kazi miaka ya foleni, miaka ya sabuni kukatwa vipande na unga wa njano kupimwa kwa kopo. Maabara ilikuwa na darubini ambayo kioo chake kilikuwa kimeota ukungu. Spiriti ya kuhifadhia kupe haikupatikana popote, na kupe asiyehifadhiwa huoza kama samaki. Daktari wetu wa mifugo, mtu wa bara aliyekuwa mkuu wa maabara, mrefu na mpole, alikwenda polisi kuomba gongo iliyokamatwa kwa wapishi wa pombe. Mimi nilikuwa nimebaki nje nimeshika madumu. Nikamsikia askari akiuliza, "Kwani kupe nao wanakunywa, daktari?"

"Hawa wanaanza kunywa wakishakufa," akasema.

Tulipewa. Miaka ile maabara yetu ilinuka kama kilabu, na mgeni akiingia alitutazama machoni kwanza, ndipo akatusalimu. Lakini gongo ina maji mengi. Baada ya muda kupe wetu walilainika wakamomonyoka, na vibandiko vilivyosema katoka wapi na nani kamchuma vikaliwa na mende. Ndivyo ilivyopotea kumbukumbu ya kupe waliokuwako pwani hii kabla ya mambo kubadilika. Wakati ule niliona ni hasara ya maabara tu.

Kupe wa miaka ile hakuwa mdudu peke yake. Mikutanoni na redioni, kupe alikuwa mtu anayeishi kwa damu ya mwingine: mlanguzi, mwenye kuficha bidhaa, mwenye duka. Nilikuwa nikishinda na kupe kazini, nikirudi mtaani nasikia kupe, kupe, hadi neno lenyewe linanichosha.

Mtaani kwetu palikuwa na duka la mama mmoja tuliyemwita bi mkubwa. Asili yao Waarabu. Babu zao walitoka Omani wakakaa Pemba kwenye karafuu, na yeye akaolewa Tanga. Aliuza mchele, kanga, nyuzi, ubani, tambi za taa. Siku wasakaji wa walanguzi walipopita walikuta sabuni chini ya kitanda chake. Hazikuwa nyingi, lakini siku zile hata kidogo kilikuwa kingi. Hakufungwa. Duka ndilo lililofungwa, na mtu, hatukujua nani, akaandika mlangoni kwa mkaa, kwa herufi kubwa: KUPE. Bi mkubwa hakulifuta. Nilikuwa nikipita na baiskeli asubuhi nalisoma, na nadhani mtaa mzima ulilisoma, mpaka mvua za masika zilipoliondoa. Mumewe hakukaa sana baada ya hapo, Mungu amrehemu.

Kisha zikaja siku za ruksa. Maduka yakajaa, mitumba ikamwagwa barabarani, na walioitwa walanguzi wakaanza kuitwa wafanyabiashara. Duka la bi mkubwa halikufunguliwa tena. Alihamia kwenye shamba dogo la marehemu, nje ya mji, njia ya kwenda Moa, ambapo mkonge ulioachwa ulikuwa umechanganyika na vichaka na minazi mikongwe. Kwa mradi wa maziwa uliokuwako akapata mitamba miwili kutoka milimani, ng'ombe wakubwa wenye macho ya upole, akawajengea banda na kuwakatia majani. Walipozaa akaanza kupeleka maziwa kwenye hoteli za chai za Ngamiani. Alikuwa amekwishapita umri wa kuamka na ndoo alfajiri, lakini aliniambia kwamba kwa mara ya kwanza tangu duka lifungwe anajua kesho atapika nini.

Kitongoji kile kilikuwa na josho, mfereji wa zege ambamo ng'ombe huogelea katika dawa ya kuua kupe. Zamani dawa ililetwa na serikali, japo kwa kuchelewa. Siku za ruksa tukaambiwa kila mfugaji ajinunulie. Wenye ng'ombe watatu wanne hawakuweza, na walioweza hawakutaka kuwaogeshea wengine. Josho likakauka. Mpapai ukaota ndani yake, na kuku wakawa wanataga kwenye ngazi za kutokea ng'ombe.

Hapa nieleze kidogo, kwa sababu ndipo penye mzizi wa jambo lenyewe. Ng'ombe wa kienyeji aliyekulia kati ya kupe huipata ndigana akiwa mchanga. Wengine hufa, wanaopona hubaki na kinga. Ukianzisha josho na kuliendesha vizuri miaka mingi, kupe hupungua, na ndama hukua bila kuijua ndigana, kwa hiyo bila kinga. Hilo si baya maadamu josho lipo. Likikauka kupe hurudi, na huwakuta ng'ombe ambao miili yao imesahau. Ndipo vifo vinapofuatana. Si lazima mtu awe ameleta kitu.

Lakini ndama walianza kufa mara tu baada ya ng'ombe wa bi mkubwa kufika. Watu waliona walichokiona: wageni wakubwa wametoka milimani, na mara ndama wa kitongoji wanakufa. Aliyepoteza wengi alikuwa fundi baiskeli, Mdigo mmoja mwenye maneno mengi, ambaye kibanda chake kilikuwa kwenye njia panda na ndiye aliyeziba matairi yangu yote. Alikuwa ameweka akiba yake yote katika ng'ombe wa kienyeji. Sasa akawa anatazama zizi tupu.

"Dada," aliniambia siku moja akisugua mpira kwa msasa, "kuna kupe kwenye banda la yule mama, vidogo, vyeusi, mimi sijapata kuviona tangu nizaliwe."

"Wote wakiwa wachanga ni vidogo na vyeusi."

"Vya kwetu vina haya. Vile vinakupandia mguuni mchana kweupe." Akapuliza mpira kuutafuta upepo unapotokea. "Kisha mwenyewe ndiye yule wa sabuni. Kupe kaleta kupe. Hilo nalo la kushangaza?"

Watu waliokuwa wakingoja baiskeli zao wakacheka. Mimi nilicheka pia kidogo, kama mtu anavyocheka akiwa na tairi mikononi mwa fundi.

Haikuishia kwenye kucheka. Mwenyekiti wa kitongoji aliitisha mkutano katika banda la zamani la kupimia mkonge, na daktari wetu akaalikwa, nami nikamfuata. Hoja ilikuwa moja: ng'ombe wa bi mkubwa waondoke au wabaki. Wengi walitaka waondoke. Bi mkubwa alikaa pembeni, buibui limekazwa kidevuni.

Daktari alitaka kutuliza watu. Mwaka ule tulikuwa tumepata wenzetu wa utafiti kutoka nje waliotuletea mashine ya kutambua kupe kwa vinasaba, yaani kwa ule mwandiko uliomo ndani ya kila chembe ya kiumbe. Neno vinasaba lilikuwa jipya, limekuja katika nyaraka. Daktari akasimama, akasema kwa sauti yake ya upole, "Ndugu zangu, msigombane kwa kukisia. Tutapima nasaba ya kupe."

Kwa mtu wa bara lile lilikuwa neno la shule. Kwa watu wa pwani nasaba ni neno la siku ya posa. Ni kijana huyu mtoto wa nani, mjukuu wa nani, wametokea wapi, wamechanganya na nani. Nikaona nyuso zikifunguka banda zima. Wazee walitazamana kwa kuridhika.

"Hapo sawa," akasema mwenyekiti. "Kijulikane kila kupe ni wa ukoo gani na katokea wapi. Wakiwa wa milimani, bi mkubwa atatuwia radhi, ng'ombe watoke. Tungoje kipimo."

Nilinyanyua mkono nieleze. Lakini watu walikuwa wameshasimama, na daktari alikuwa anapeana mikono, amefurahi kwamba amefahamika.

Kwa hiyo mambo yote ya bi mkubwa, ng'ombe wake, maziwa yake, kukaa kwake pale, yakawekwa juu ya kipimo kisichoweza kujibu swali lililoulizwa. Nililijua hilo nikiwa bado sijafunga mlango wa gari la maabara.

Nilichuma kupe mahali patatu: banda la bi mkubwa, ndama waliobaki wa fundi, na nyasi za kando ya josho, ambako niliburuta kitambaa cheupe ili wale wenye njaa wakikamate wakidhani ni mnyama. Safari hii nilikuwa na spiriti ya kweli. Bi mkubwa alinishikia taa ya mkono ndani ya banda nilipokuwa nikipekua masikio.

"Niambie kwa lugha yangu," akasema. "Utawafanya nini?"

Alikuwa amejifunga kanga kiunoni, kuukuu, ya kufanyia kazi. "Bi mkubwa, kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Si ndiyo?"

"Haswa."

"Kanga ikichakaa rangi ikatoka, ikachanwa ikawa kitambaa cha kushikia sufuria, utaijuaje ni ipi?"

"Nikiona herufi mbili tatu za jina nitaijua. Dukani niliuza kanga mie."

"Basi kupe mchanga ni kitambaa cha sufuria. Rangi hana, pindo halionekani. Lakini ndani yake jina limeandikwa, na ni refu mno, siwezi kulisoma lote. Natafuta kipande kidogo cha jina ambacho kwa kupe wote wa aina moja ni kilekile, na kwa aina nyingine ni tofauti. Nikipata kipande hicho, nimemjua."

Aliinamisha taa. "Na jina la kanga," akasema taratibu, "linakwambia ni kanga gani. Halikwambii ni ya nani."

"Ndiyo, bi mkubwa."

"Na wale wanataka kujua ya nani."

"Ndiyo."

Hakukasirika. Alimpapasa ng'ombe shavuni. Akaniambia kwamba amechoka kungoja watu waamue yeye ni nani. Wakisema ng'ombe watoke atawauza, arudi Pemba kwa bintiye, ingawa bintiye mwenyewe anaishi chumba kimoja na karafuu hazina bei. "Huko nako nitakuwa mtu wa Tanga," akasema. "Haya, tazama na hili sikio jingine."

Kazi ile ilinichosha kuliko kazi yoyote. Unamsaga kupe mmoja mmoja, unamsafisha, unabaki na tone la maji ambamo umo mwandiko wake. Unalitia katika mashine inayopasha moto na kupoza, kupasha na kupoza, na kila mzunguko kile kipande unachokitafuta hujinakili, hata kinakuwa kingi cha kutosha kuonekana. Kisha unatia kimeng'enya kinachokata kama mkasi kila kikikuta mpangilio fulani wa herufi. Aina tofauti hukatika mahali tofauti. Vipande hivyo unavitia kwenye rojo na kupitisha umeme. Vifupi hukimbia mbele, virefu hubaki nyuma, na chini ya taa ya zambarau vinang'aa kama mistari. Rojo lenyewe hutokana na mwani. Si huu wanaolima akina mama wa Pemba kwa kuuza, lakini ni wa jamii moja nao.

Ukisoma hivi unaona ni kazi ya mchana mmoja. Mwaka ule umeme ulikuwa wa mgao. Mashine ilikuwa ikifika katikati ya mizunguko, taa zinazimika, na kilichomo kinaharibika. Nikaanza upya. Kimeng'enya kinahitaji barafu, na barafu tulinunua feri kwa wauza samaki, ikanukia changu. Dawa moja ilikwama njiani tukaingojea wee. Nikipita njia panda fundi ananiuliza, "Ukoo umejulikana?" Namjibu bado. Mwanzoni lilikuwa swali. Baadaye likawa salamu. Baada ya hapo nikaanza kuzunguka njia nyingine, kwenye mchanga, nikisukuma baiskeli.

Wakati huo ndama wawili zaidi walikufa. Watu wa hoteli waliambiwa maziwa ya bi mkubwa yana kupe, jambo lisilowezekana, na mmoja akaacha kuyachukua. Bi mkubwa alinitumia salamu na chupa ya maziwa mgando, bila ujumbe wowote.

Siku mistari ilipotoka vizuri nilikaa mbele ya ile taa nikaisoma mmoja mmoja. Safu ya kwanza ya rojo niliweka kupe wa sikioni ninayemjua, mzima. Ya pili yule wa miguu myekundu, kwa kulinganisha. Zilizofuata ni za banda la bi mkubwa, za fundi, za nyasi za josho. Ukimwondoa yule wa miguu myekundu, mistari ilikuwa ileile kutoka mwanzo hadi mwisho. Wote ni kupe wa sikioni. Aina moja, na ni aina inayopatikana milimani na pwani vilevile. Kama aliletwa au alikuwapo, mistari haikusema. Vile vichupa vyetu vya gongo ndivyo vingeweza kusema, kama vingekuwapo.

Mkutano ukaitishwa tena, banda lilelile. Njiani daktari aliniambia, "Eleza wewe. Wewe una subira." Nilimwambia subira imebaki kidogo, akasema hiyohiyo.

Nilieleza. Niliipitisha picha ya mistari mkono kwa mkono, na watu waliishika kwa ncha za vidole kama picha ya maiti. Nikasema kipimo kinaonyesha ni kupe wa aina gani, hakionyeshi ni wa nani wala aliingia lini. Nikaeleza habari ya josho na kinga. Walisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza fundi akasimama.

"Yakhe, tumengoja tangu vuli mpaka masika kuja kuambiwa kupe ni kupe?"

"Umeambiwa kupe wako na wa bi mkubwa ni aina moja," nikasema.

"Nasaba moja."

"Aina moja."

"Si ndiyo hiyo nasaba? Baba mmoja?"

"Si lazima baba mmoja. Ni kama ng'ombe na ng'ombe. Wote ni ng'ombe, lakini..."

"Baba mmoja mama mbalimbali," mzee mmoja akamsaidia kutoka nyuma, na banda likacheka. Nikajua kwamba nimeshindwa, na kwamba neno la daktari limekwenda mahali ambapo siwezi tena kulirudisha.

Hapo bi mkubwa akasimama. Hakuja mbele. Alisimama palepale alipokuwa amekaa, nyuma ya kanga yake kukiwa bado na vumbi.

"Mimi sina maneno mengi," akasema. "Miaka ile mlangoni kwangu paliandikwa kupe. Sikufuta, maana aliyeandika alijua nyumba, angerudi kulifuta mwenyewe. Leo mmepima wenyewe, kwa mashine, na mmeambiwa kupe wangu na wenu nasaba moja. Mimi nimekubali. Ikiwa mimi ni kupe, basi sisi tu ndugu, na ndugu hafukuzwi kwao. Ikiwa mimi ni mtu, vilevile. Amueni lipi, nirudi nikakamue."

Mwenyekiti alimtazama daktari, daktari akanitazama mimi, nami nikatazama ile picha ya mistari iliyokuwa imenirudia mkononi.

Fundi alikuwa bado amesimama. Alijikuna shingo. "Bi mkubwa," akasema, "mimi nachagua tuwe watu. Kwa upande wa mke wangu sina hakika."

Mkewe alikuwa pale. "Hakika utaipata nyumbani," akamwambia, na watu wakacheka tena, kicheko kingine kabisa, cha kutua mzigo. Mwenyekiti akasema kipimo kimekata, ng'ombe wabaki. Mzee wa nyuma akaongeza kwamba hawa kupe nao wamezidi, waja leo hawaondoki leo, na tangu siku ile kitongoji kizima kikawa kinataniana undugu wa kupe. Fundi akawa anamwita bi mkubwa shangazi.

Niliona si vizuri kuliacha jambo lilivyo. Siku chache baadaye, tairi yangu ikiwa mikononi mwake, nilimweleza fundi upya tofauti ya aina na nasaba, taratibu, kwa mifano ya baiskeli. Baiskeli mbili za muundo mmoja hazina baba mmoja, nikasema, zina kiwanda tu. Alisikiliza hadi mwisho, akaziba tundu, akalikandamiza kwa kidole gumba.

"Nimefahamu," akasema. "Lakini usimweleze mwenyekiti."

Ningependa kuandika kwamba josho lilijazwa. Lilizungumzwa tu. Watu walifyeka mpapai, wakatoa kuku, wakafagia, na zege likabaki safi na kavu, maana dawa ilikuwa bei ileile. Masika yale mmoja wa ng'ombe wawili wa bi mkubwa alipata ndigana. Daktari alimchoma sindano, nasi tukakesha naye hivyohivyo, na akafa. Waliokuja kumfukia walikuwa fundi na wale wale waliotaka atoke. Walichimba shimo refu chini ya minazi bila kuombwa, na mkewe fundi alileta chai. Bi mkubwa hakwenda Pemba.

Mradi nao ulikwisha. Wenzetu wa nje wakarudi kwao, mashine ikafunikwa shuka, na sisi tuliokuwa tumeajiriwa siku za foleni tukapunguzwa kazini kundi kwa kundi. Zamu yangu ilipofika nilichukua kibanio changu na lile koti, nikaenda nyumbani. Vijana wanaosoma siku hizi huja kuniuliza kazi ile ilikuwaje, na mimi huwaambia waisome kwa moyo, ni kazi nzuri, inamwonyesha mtu jina lililofichika. Huwaambia pia waangalie wanalitaja kwa neno gani, na mbele ya nani.

Asubuhi nyingine, nikiwa sina pa kwenda, hupanda baiskeli hadi kwa bi mkubwa. Namwamkia shikamoo, ananiitikia, ananisukumia kigoda. Dawa hatuna, kwa hiyo tunachuma kupe kwa mkono, yeye upande huu wa ng'ombe na mimi upande ule, na kopo la mafuta ya taa katikati ya miguu yetu. Juzi alininyooshea kidole, na kwenye ncha yake alikuwapo mmoja mdogo kama punje ya ufuta, anatembea.

"Huyu ndiye?" akaniuliza.

"Sijui, bi mkubwa. Kwa macho hajulikani."

Alimtazama kwa muda, akamsukumia ndani ya kopo, kisha akalivuta kwake lile sikio jingine.